Sifa za Ubishi wa Desemba

Ndege ina watu wa kuisifu. Kila ikinunuliwa mpya hujengewa jukwaa, viongozi hupanda kuhutubia na ngoma hupigwa uwanjani. Gari nalo halikosi msemaji, maana hakuna mwenye Noah asiyejua kuisimulia. Hata treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, imeshapigwa picha za kutosha kujaza simu za taifa zima. Aliyeachwa bila hata ubeti mmoja ni yule anayewatangulia wote hao: ubishi. Nasema ubishi ule wa kila mwaka, unaoanza wingu la vuli likishajikusanya juu ya Uluguru, familia inapoulizana kama mwaka huu Krismasi inaendewa Mwanza kwa gari au kwa ndege.

Erasmus aliusifu upumbavu kitabu kizima, kikachapwa mwaka 1511 na kikasomwa Ulaya yote. Mimi naomba kurasa chache tu, tena kwa jambo lenye manufaa zaidi.

Sifa zianzie Morogoro, kwa sababu hapa ndipo ubishi ulipojaliwa kila kitu. Mkazi wa Dar uwanja wa ndege uko mlangoni pake. Ubishi wake hauzidi dakika kumi, kwa kuwa swali ni moja tu, pesa ipo au haipo. Sisi wa mji kasoro bahari tumeongezewa kasoro nyingine yenye baraka: kiwanja kidogo cha ndege tunacho, lakini si cha kukatia tiketi ya Mwanza. Anayetaka kuruka kwenda kaskazini-magharibi sharti kwanza arudi mashariki, kilometa 190 na ushei, akapandie Dar. Kwa hiyo mtetezi wa ndege hapa kwetu huanza hoja yake kwa kurudi nyuma, na hajamaliza sentensi ya kwanza keshakatizwa: “Yaani twende Dar ili tuende Mwanza?” Hapo kikao kimefunguliwa.

Tazama basi nyumba moja ya Kihonda, ambayo sitaitaja kwa kuwa ziko nyingi. Baba Kulwa ni Msukuma wa Magu. Mama Kulwa ni Mluguru wa Kinole. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na neno la mjomba lina uzito ambao baba mzazi huzoea polepole, kama huzoea. Usukumani mambo ni kinyume. Ndoa ya namna hii tayari ni mabishano yaliyofungiwa harusi. Likiingia suala la safari, panahitajika mwenyekiti. Mwenyekiti ni Mjomba, mwalimu mstaafu, anayeshuka kutoka Kinole na mkungu wa ndizi begani. Yeye mwenyewe hasafiri, na hilo ndilo humpa haki ya kusikiliza pande zote.

“Shemeji,” Mjomba humwambia Baba Kulwa, “toa hesabu.”

Hapo ndipo ubishi unapoonyesha kwamba ni shule. Pacha wawili wa kidato cha pili, waliokuwa wakikimbia hisabati, huwekwa mezani na daftari. Morogoro mpaka Mwanza, kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga, ni kilometa kama 950. Noah ikila lita moja kwa kilometa kumi, ni lita 95 kwenda na nyingine 95 kurudi. Ukichukua lita kwa shilingi 3,000 ili hesabu isisumbue, unapata 570,000. Baba Kulwa huiandika namba hiyo na kuipigia mistari miwili chini. Hajaandika tairi mbili za mbele, wala oili, wala chakula cha Dodoma, wala kitanda cha Singida, maana mkewe alishakataa watoto kusafirishwa usiku. Hajaandika pia 30,000 za tochi, ambazo yeye huziita dharura ingawa humkuta Gairo kila mwaka, palepale baada ya kibao cha hamsini.

Mama Kulwa naye ana daftari lake. Treni mpaka Dar haifiki saa mbili. Ndege mpaka Mwanza ni kama saa moja na nusu. “Asubuhi tunakunywa chai hapa, jioni tunakula sato,” anasema, na kwa kweli maneno hayo yana ladha. Ambacho hakiko kwenye daftari ni teksi ya kutoka stesheni hadi uwanjani, saa za kusubiri, usiku mmoja kwa dada yake wa Mbagala ambako haendi mikono mitupu, na gari la kukodi kutoka Mwanza hadi Magu. Tena kuna nauli ya mtoto wa mwisho. Asiyetimiza miaka miwili hupakatwa na hulipiwa kidogo. Aliyeitimiza hulipiwa kiti. Mtoto huyu ana mwaka mmoja na miezi kumi na moja tangu Pasaka.

Zikijumlishwa kwa uaminifu, hesabu za pande zote mbili hukaribiana mno, na ndiyo maana hazijumlishwi kwa uaminifu. Ubishi ni kiumbe mwenye busara, haujiui kwa kikokotoo. Ukielekea kuisha, mtu mmoja hukumbuka kwamba EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na Mjomba huahirisha kikao mpaka Jumatano hiyo. Bei ikishuka, gari hupata nguvu. Ikipanda, Baba Kulwa husema bei za Desemba huwa hazikai, tungoje ya Januari, kana kwamba Krismasi nayo itangoja.

Kisha huja mizigo, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo ubishi unapofikia fahari yake. Ndege nyingi humpa abiria kilo 23. Kilo 23 ni kipimo cha mtu anayekwenda kwenye semina. Mluguru anayekwenda kwa wakwe ana gunia la mchele wa Ifakara, ana ndizi za Matombo, ana mdalasini na karafuu za Kinole zilizofungwa kwenye kanga, ana kabichi za Mgeta ambazo amesisitiza kwamba hazitaoza. Ukimwambia achague, umemwambia achague ni mkwe yupi hampendi. Basi mizani ya muuza nyama huazimwa, na jioni nzima watu hupima: gunia peke yake, gunia na mtu, mtu peke yake, mpaka Mama Mkubwa, ambaye alikuja kuazima chujio tu, anajikuta anatajiwa uzito wake mbele ya watoto. Mtetezi wa gari hushangilia. Lakini ngojea: gari hilo hilo lina viti saba na watu tisa, na gunia halipakatwi. Mtetezi wa ndege naye hushangilia. Na pande zote zinajua kwamba wakati wa kurudi kuna samaki, na samaki wa Mwanza hupanda ndege kwenye maboksi bila aibu yoyote.

Watu wenye haraka husema ubishi ni wa nauli. Hawajakaa wakasikiliza. Baba Kulwa anataka kuingia Magu akiendesha, kioo kimeshushwa, watu wa kijiweni wasome namba ya gari na kuona kwamba ni namba E. Barabara yote hiyo ya kilometa 950 ni utangulizi wa mita mia mbili za mwisho. Mama Kulwa anataka kufika kwa mama mkwe akiwa hajachoka, nguo haijajikunja, kwa sababu mwaka aliofika na vumbi la Shinyanga kichwani ndio mwaka aliopewa jiko siku hiyo hiyo. Doto anataka picha ya bawa la ndege. Kulwa anataka chochote ambacho Doto hakitaki. Haya hayasemwi mahali pengine popote mwaka mzima. Ni ubishi pekee unaoyatoa, tena huyatoa yakiwa yamevaa koti la lita na kilo, ili pasiwe na wa kuona haya.

Ubishi pia hutunza historia. Ukizidi kupamba moto, Mjomba hugonga meza na kusema kwamba mwaka 1871 Stanley alipita hapa hapa, penye mji wa Simbamwene, binti Kisabengo, akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone, na hakuuliza ndege wala gari. Walikwenda kwa miguu, mizigo vichwani. Doto huuliza mizigo ilikuwa kichwani mwa Stanley au mwa nani, na somo la historia huanza upya, vizuri kuliko kitabuni. Mjomba huendelea: Wajerumani wakafikisha reli Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, Kigoma mwaka 1914. Baba Kulwa husema asante mwalimu, lakini Magu haiko Kigoma.

Watetezi wa barabara hawana budi kuipamba barabara yenyewe, na bila ubishi nani angeipamba? Watakutajia nyanya za Dumila na mahindi ya Kibaigwa, zabibu za Dodoma, kuku wa Singida, mteremko wa Sekenke ambapo breki hukumbukwa kwa jina. Watasifu hata kusimama porini kuchimba dawa, wanawake huku na wanaume kule, wakidai kwamba choo cha ndege hakina upepo kama huo. Wenye wakwe Mbeya ndio wenye bahati kubwa zaidi, kwani barabara yao hukatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilometa kama 50, na kila mnyama anayegongwa ana faini yake. Huko ubishi huongezewa safu moja kwenye daftari: twiga.

Yuko mtu mmoja tu anayeweza kuuvunja ubishi, naye ni fundi. Gari hupelekwa kwake karibu na Msamvu aseme kama litafika. Husikiliza injini, hufuta mikono, husema litafika bila wasiwasi. Kisha huuliza, “Kwani mnakwenda wapi?” Ukimtajia Mwanza huinama tena chini ya boneti, na ubishi unanusurika.

Nimesikia lawama kwamba ubishi hupoteza muda. Ni kweli, na hiyo ndiyo kazi yake. Kufika tarehe 15 Desemba tiketi za bei nafuu zimekwisha na zilizobaki zina bei ya kiwanja cha kujenga. Kufika tarehe 18 viti vya basi vimekwisha. Gari liko kwa fundi, injini imeshushwa. Uamuzi ulioshindikana kwa vikao vyote umepatikana wenyewe, hakuna aliyeshindwa, hakuna wa kulaumiwa, na mtaniambia ni bunge gani limewahi kupata matokeo safi kiasi hicho. Nusu ya zile 570,000 hutumwa Magu kwa simu. Kule nako, nasikia, walikuwa kwenye ubishi wao, kama wachinje mbuzi au wangoje kwanza waone wanaokuja, na mbuzi hana malalamiko.

Watu basi hupanda Kinole, kupitia Bigwa na Mkuyuni. Upande huo wa milima hupata mvua karibu mwaka mzima, kwa hiyo Desemba njia ina utelezi wake, na penye utelezi hushukwa, husukumwa, hupandwa tena. Gunia la mchele wa Ifakara, lililopimwa mara nyingi kuliko mchele wowote nchini, hufika salama nyumbani kwa Mjomba. Mdalasini na karafuu hurudi vilikotoka. Siku ya Krismasi Mjomba hula pilau, hujiegemeza, na hakuna anayemuuliza kwa nini mwenyekiti asiyesafiri alikuwa akiahirisha vikao kwa moyo mweupe namna ile.

Mwaka jana ilikuwa hivyo, na pilau lilipokwisha Baba Kulwa akasema Pasaka lazima Magu, liwalo na liwe. Mama Kulwa akasema ni sawa, kwa ndege. Bibi, aliyekuwa amekaa kimya tangu vikao vya Oktoba, akasema enzi zake watu walipanda treni ya zamani hapo Morogoro, wakalala, wakaamka Tabora, wakaendelea na reli iliyofika Mwanza mwaka 1928, na mizigo haikupimwa na mtu. Pakawa kimya. Doto akasema siku mbili ni nyingi. Kwa sababu hiyo Kulwa akasema ni chache. Baba Kulwa akaomba daftari. Mjomba akataka kujua kwanza kama daraja la pili bado lina vitanda sita kwa chumba, na kama vipo, mtoto wa miaka miwili kasoro mwezi mmoja analala wapi.