Goti Langu na Wimbo wa Mwenyekiti

Mji wa Same una waganga wa magoti wengi kuliko magoti yenyewe. Muuza mkaa anajua dawa, bodaboda anajua dawa, na fundi cherehani wa sokoni, ambaye sijawahi kumwona akienda mbali zaidi ya pasi yake, naye anajua dawa. "Uzee huo, kaka." Mwingine ananiambia ni baridi. Baridi, Same hii! Mji ambao upepo unakukaushia shati kabla hujapata kibanio. Na tangu Septemba 2025, Alphonce Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03, kila mwanamume mwenye kiti barazani amegeuka kocha.

Katika wote hao, hakuna hata mmoja aliyeniambia, "Hebu kimbia nikuone."

Zahanati nako vilevile. Nilikwenda na goti linalouma kwa mbele, hasa nikishuka ngazi au nikiinuka baada ya kukaa sana. Nikaulizwa umri, nikaulizwa kazi, nikapewa vidonge na kuambiwa nipumzike. Goti lenyewe liliingia ndani ya suruali na likatoka ndani ya suruali. Halikuonana na mtu.

Mimi mshukiwa wangu ninamjua, na ni wimbo. Klabu yetu ya mazoezi ya Jumamosi inakimbia mchakamchaka, kama tulivyofundishwa shuleni: mmoja anaimba, wengine tunaitikia, na mguu unashuka na pigo. Mwimbishaji ni mwenyekiti, mtu mrefu aliyepita JKT enzi hizo, na wimbo anaoupenda ni wa taratibu mno, wa kuburuta. Sasa fikiria wewe mfupi. Pigo linachelewa, mstari unakwenda, nawe usiachwe nyuma. Utafanya nini? Utarefusha hatua. Unaurusha mguu mbele kabisa, goti limenyooka, kisigino kinajikita ardhini wakati kiwiliwili bado kiko nyuma kinakuja. Hapo kila hatua ni breki. Unakanyaga breki na mafuta kwa pamoja, kutoka stendi mpaka ilikoishia lami.

Na breki hiyo ina bei. Anayekimbia huipiga ardhi kwa nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wake, kila hatua. Mwenye kilo 80 basi anapokea kilo 160 hadi 240 kwa mguu mmoja, halafu mwingine, halafu tena ule wa kwanza. Mguu ukitua mbali mbele ya mwili, mzigo mwingi unaliangukia goti na ugoko. Na kama misuli ya makalio imelegea kwa kushinda kwenye kiti cha ofisi, nyonga ya upande mmoja inadondoka na goti linaingia ndani, na kile kifupa cha mbele ya goti hakitelezi tena mahali pake. Ndiyo maana klabu yetu ina kila aina ya majeruhi: mwekahazina ana ugoko unaowaka, katibu ana kano ya kisigino iliyovimba, na mama mmoja wa safu ya nyuma hawezi kuukanyaga unyayo wake asubuhi mpaka apige hatua kadhaa za kuchechemea. Ukiwauliza, watakwambia ni raba za mtumba. Raba zina yao, sikatai, hasa zile ambazo mwenye nazo wa kwanza amezila soli upande mmoja. Lakini raba haziimbi.

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, waliwapima wakimbiaji wakiwa wanaongeza idadi ya hatua kwa dakika, bila kuongeza kasi. Nyongeza ya asilimia 5 hadi 10 tu ilitosha kupunguza mzigo unaobebwa na goti na nyonga. Hatua zinakuwa fupi na nyingi, mguu unatua karibu na chini ya mwili, basi. Haigharimu hata senti, jambo ambalo lingetosha kumshawishi Mpare yeyote, kama huu ubahili tunaosingiziwa nchi nzima ni wa kweli.

Shangazi yangu wa Mamba hajasoma habari za Wisconsin. Anashuka mlima na furushi la tangawizi kichwani, kandambili miguuni, na amekwishawazika wanaume kadhaa waliomwambia apunguze kazi. Siku moja nilishuka nyuma yake nikamtazama vizuri. Hatua zake ni fupi, za haraka haraka, goti limekunjwa kidogo, mguu unashuka pale pale chini ya kiuno, na kile kichwa chenye mzigo hakipandi wala hakishuki. Mimi nilikuwa nabamiza nyuma yake, mapaja yakitetemeka kwa kuzuia mwili usiporomoke, maumivu yameanza kuhamia ubavuni mwa goti. Hakugeuka hata kidogo. Alisema tu, "Mwanangu, hiyo ardhi imekukosea nini?"

Nikaipeleka habari ya hatua fupi klabuni, nikiamini nimepata mkombozi. Kijana mmoja akaidaka vibaya. Yeye alishasikia kuhusu utafiti wa mwaka 2010, ulioonyesha kwamba wakimbiaji wa Bonde la Ufa nchini Kenya waliokulia pekupeku hutua kwa sehemu ya mbele ya mguu. Akavua raba papo hapo. Nilijaribu kumwambia kwamba mwaka 2013 watafiti wengine walikwenda kwa Wadaasanachi, kaskazini mwa Kenya hiyo hiyo, watu wa pekupeku tangu kuzaliwa, wakakuta wengi wao kwa mwendo wa kawaida wanatua kwa kisigino. Isitoshe, ukihamia vidoleni ghafla, mzigo haupotei, unahamia kwenye kigimbi na kano ya kisigino. Hakunisikia. Aliondoka kwa mbwembwe kuelekea upande wa Mkomazi, kwenye migunga, na tulimrudisha kwa bodaboda. Kigimbi kilikuwa na zamu yake kesho yake. Siku ya kwanza ilikuwa ya miiba.

Mwenyekiti alifurahi sana. Akasimama akatukumbusha John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 wa mwisho, goti limefungwa bendeji. Mfano mzuri, isipokuwa Akhwari aliumia kwa kuanguka. Hakuna aliyemwimbia.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba Kilimanjaro Marathon ya Moshi ikikaribia, watu waliolala miezi mitatu wanataka kufidia yote ndani ya wiki mbili, na wimbo ni ule ule. Kwa hiyo kwenye kikao nikatoa hoja: tupate wimbo wa haraka zaidi, na wafupi tukae mbele. Kukawa kimya. Mwenyekiti akafungua daftari, akalipekua polepole, kwa pigo lile lile analoimbia, akasema hoja ni nzuri, iletwe kwa maandishi, na itajadiliwa mara tu mtoa hoja atakapomaliza deni lake la fulana.