Yah: Karo la Maji Taka Katika Udongo Usiotambuliwa na Fomu

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya (jina nimelihifadhi, maana na za jirani zitajiona humu).

Mheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza nikupongeze kwa kibali changu. Kimetoka na mihuri yote, na namba ya malipo iliingia kwenye simu hata kabla bwana afya hajajua kijiji chetu kiko upande gani wa barabara. Nchi hii ina watu wanaosema serikali inachelewa. Hao hawajawahi kudaiwa nayo.

Nina dukuduku dogo tu. Kwenye fomu, penye “aina ya udongo”, nilikuta pameshachapwa: “wa kawaida”. Huku Usukumani, Mheshimiwa, wazee hawaujui huo. Mlimani wana luseni, kichanga kinachopenda muhogo. Ukishuka unakuta itogolo. Bondeni kabisa ni mbuga, mfinyanzi mweusi. Mtafiti Geoffrey Milne, aliyekuwa kituo cha Amani kule Tanga, naye aliona jinsi udongo unavyobadilika kwa mpangilio kutoka kilimani hadi bondeni, na ramani yake ya udongo wa Afrika Mashariki ikatoka mwaka 1936. Ofisi yako isiharakishwe. Hata karne haijatimia.

Mimi nimejenga mbugani, ndiko bei ya viwanja inakolingana na mshahara wa mwalimu.

Ukaguzi ulifanyika Septemba, baada ya mimi kuchangia mafuta ya pikipiki (risiti sikupewa, ila nilishukuriwa sana). Fundi akachimba kishimo cha kupimia, tukamwaga ndoo ya maji. Maji yakatoweka papo hapo! Bwana afya akatabasamu, akaandika “udongo unanyonya vizuri sana”. Haukunyonya kitu. Mbuga wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kumeza kandambili ya mtoto, na maji yetu yalipitia humo. Mvua zikishika, udongo uleule huvimba, nyufa zinaziba, na ukimwaga ndoo jioni unaikuta asubuhi, na chura ndani.

Sasa karo lenyewe, kama ujuavyo, halisafishi maji. Linatenganisha tu: tope linazama, mafuta yanaelea, na maji ya katikati yanakwenda kwenye shimo la kunyonya yakiwa na vijidudu vyake salama salimini. Kazi ya kuyachuja ni ya udongo. Ukiwa mchanga mkavu wa luseni, maji yanapita mbio na kuwahi kisimani kabla hayajachujika. Ukiwa mbuga, yanagoma kushuka na kurudi uani kutusalimia. Ramani ya karo niliyouziwa dirishani kwenu haina ubaguzi: shimo ni lilelile, kina ni kilekile, mlimani na bondeni. Usawa mbele ya sheria tumeuona.

Halafu kuna mita 30. Masharti niliyokabidhiwa yanataka umbali huo kati ya karo na kisima. Naunga mkono kwa moyo wote. Ila kiwanja mlichonipimia ni mita 20 kwa 20, na mwanangu wa sekondari amepiga hesabu: kutoka pembe hadi pembe ni mita 28 na kidogo. Nikiweka karo pembe hii na kisima pembe ile, bado navunja masharti. Nikisogeza karo, nasogelea kisima cha jirani, ambaye naye ana kibali chenye mihuri kama yangu. Tafadhali elekeza: tuhamishe kisima, au tuhamishe hesabu?

Fundi anasema mbugani dawa ni kuinua tuta la mchanga juu ya ardhi ili maji yapate pa kuchujikia, ama karo lisilovuja linalonyonywa na gari. Tuta halimo kwenye ramani yenu, kwa hiyo ni kosa. Gari limo, ila liko mjini, na masika barabara ya kwetu hukwamisha hata trekta.

Msinielewe vibaya, choo tunakitaka. Tulihimizwa na kampeni ya “Mtu ni Afya” mwaka 1973, tukahimizwa tena na “Nyumba ni Choo”, na tumetii. Tunaomba tu mtu wa kusoma ardhi kabla ya kuipiga mhuri: udongo uandikwe kwa jina lake, kipimo kirudiwe mwezi wa nne, na michoro iwe zaidi ya mmoja. Buti za mvua za mkaguzi nitanunua mimi, kwa risiti.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwenye kiwanja, mbugani

Nakala:
Mtendaji wa Kijiji – kwa taarifa.
Jirani wa upande wa bondeni – asichote maji mpaka nijibiwe.