Resi Isiyo na Refa

Nch, nch, nch! Jamani, kuna maneno mtu akiyasema kijiweni lazima yajibiwe papo hapo. Kaka yetu mmoja, muuza vipuri, ametamka mbele ya watu wazima kwamba resi za vimashua vya tanga ziwani ni starehe ya wenye nazo: wanapunga upepo, wanarudi klabuni, wanakula samaki. Eti resi gani haina hata refa!

Haina refa, ndiyo. Na hapo ndipo utamu wake ulipo.

Sikilizeni. Msimamizi anakaa kwenye mstari wa kuanzia na saa yake na bendera zake. Bendera ya kwanza inapanda zikiwa zimebaki dakika 5, ya pili zikibaki 4. Muda wote huo hakuna anayesimama akasubiri, maana mashua ya tanga haina breki. Zinazungukana, zinapishana umbali wa mkono mmoja, kila nahodha anahesabu sekunde kichwani ili avuke mstari tanga limejaa pale tu ishara ya mwisho inapotolewa. Ukivuka mapema, unarudi kuanza upya. Baada ya hapo hamna mwenye filimbi anayewafuata. Sheria wanatembea nazo: anayepokea upepo ubavu wa kushoto ampishe anayeupokea ubavu wa kulia, mkiwa mnaupokea ubavu mmoja, aliye joshini (upepo unakotoka) ampishe aliye demani (unakoelekea), anayetoka nyuma asimparamie wa mbele. Ukimgonga mwenzako na kosa ni lako, unajitoa mwenyewe kundini, unaizungusha mashua mara mbili watu wakikuona, ndipo unaendelea, na wenzako washafika mbali. Mkibishana, mnasikilizwa jioni klabuni. Kila mmoja anapanga vijimashua vya kuchezea juu ya meza, anaeleza alikuwa wapi na upepo ulitoka wapi. Uamuzi ukitoka, mnakaa meza moja mnakula.

Niambieni, ni michezo mingapi mjini hapa ambayo mkosaji anajiadhibu kabla hajashitakiwa? Kwenye mpira mchezaji anashika kwa mkono, dunia nzima imeona, naye anaapa hakushika. Inauma!

Sasa hili la pesa. Chukua Laser, mashua ya mtu mmoja, tanga moja la mita za mraba 7 na kidogo, urefu mita 4 na ushee. Zote zimetoka kwenye umbo moja, kwa hiyo tajiri hana mahali pa kuununua ushindi. Anayeshinda ni yule anayejua kuusoma upepo na kuutupa mwili nje ili mashua isilale. Na klabu yenye mashua za kila aina nayo ina dawa yake. Tangu 1947 Waingereza wanatumia hesabu ya Portsmouth: kila aina ya mashua ina namba yake, na muda uliotumia unagawanywa kwa namba hiyo. Basi wa mwisho kufika anaweza kuwa ndiye mshindi, na aliyemtangulia anampa mkono.

Tena kuna mashua moja ambayo mafundi wetu wangeipenda wakiijua. Inaitwa Mirror, ilitoka Uingereza mwaka 1962, kazi ya Jack Holt na Barry Bucknell, kwa msaada wa gazeti la Daily Mirror lililoipa jina. Ilibuniwa ili mfanyakazi wa kawaida aijenge nyumbani kwake. Unapata mbao za plaiwudi zilizokwisha kukatwa, unazishona pamoja kwa waya wa shaba, kisha unaziba viungo kwa utepe wa faiba na gundi. Zimejengwa zaidi ya 70,000. Kushona chombo! Wazee wa pwani yetu walishona mitepe kwa kamba za usumba, bila msumari hata mmoja, na wakavuka nayo bahari. Fundi wa mitumbwi wa ziwani, anayepinda mbao kwa jicho tu bila ramani, atashindwaje na plaiwudi na waya? Na ile ya watoto, Optimist, Clark Mills aliichora kule Florida mwaka 1947, kwa hesabu ya mbao mbili za plaiwudi, makusudi iwe rahisi. Chanzo chake hakikuwa utajiri.

Nisogee kwenye jambo linalonigusa zaidi. Mwaka 1988, Olimpiki ya Seoul, mbio za matanga zilifanyika Busan. Lawrence Lemieux wa Kanada alikuwa wa pili, peke yake kwenye mashua ya Finn, bahari imechafuka. Akaona mashua ya Singapore, iliyokuwa kwenye mbio nyingine kabisa, imepinduka na mabaharia wake wawili wako majini, mmoja mkondo unamchukua. Akaiacha nafasi yake. Akawaendea, akawatoa wote wawili, akangoja mpaka boti la waokoaji likawachukua, ndipo akarudi kwenye mbio wenzake wakiwa wameshakwenda. Waamuzi wakampa nafasi ya pili aliyokuwa nayo alipoacha njia. Medali ya mbio hakupata. Kamati ya Olimpiki ilimpa nishani ya Pierre de Coubertin. Nch! Wangapi wetu tungegeuza usukani?

Wala hakubuni kitu. Kwenye kitabu cha sheria za mbio, kumsaidia aliye hatarini kumewekwa mwanzoni kabisa, kabla ya habari za nani ampishe nani.

Sisi wa Mwanza tunalijua ziwa hili. Tulimzika nani na nani baada ya meli ya MV Bukoba kuzama, 1996, tena baada ya kivuko cha MV Nyerere kupinduka, 2018. Watoto wa wavuvi wanakua wakijua kwamba alfajiri upepo hutoka nchi kavu na alasiri hugeuka ukaja kutoka ziwani, lakini wengi hawajui kuogelea na jaketi okozi hawajawahi kulivaa. Klabu zipo: Mwanza ipo Capri Point, Kisumu ipo, Uganda ipo Kaazi. Mashua zipo, watu wanaojua wapo. Mtoto akifundishwa kupindua tanga, anafundishwa pia kupinduka na kuinuka, kutulia majini, kumtazama mwenzake.

Basi nyie wenye klabu, wengine ni wateja wa kijiwe hiki, nawaomba: Jumamosi moja kila mwezi, wakaribisheni watoto wa mialoni. Waje na walimu wao wa shule, kila mtoto avae jaketi, boti la uokozi liwe tayari. Na mzazi mwenzangu, siku wakikuita, usimzuie mwanao. Mpeleke mwenyewe.