Korongo, Mpima Maji wa Lufira

Zamani, kabla mitambo ya Mwadingusha haijaanza kuzunguka mnamo 1930, wanyama wa bonde la Lufira waligawana maji kwa mguu wa Korongo. Alisimama mtoni. Maji yakimfika gotini, kila mmoja alichota apendavyo. Yakishuka hadi kifundoni, mwenye kuchota sana alipunguza. Korongo aliwekwa na Simba, na Simba alikaa mbali sana, upande wa magharibi.

Mhanga, mchimba mawe ya kijani, alitaka maji mengi ya kuyaoshea. Kila jioni alimletea Korongo samaki. Basi kifundo kikaanza kuitwa goti. Huku Kikula na Panda, mitaa ya Likasi, Mama Paa akawa anaamka usiku wa manane kungojea tone.

"Korongo humwogopa aliyemweka," alisema barazani. "Tukimweka sisi, atatuogopa sisi."

Neno la Paa linatugusa hadi leo. Sheria nambari 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ilileta ARE, mamlaka ya kusimamia sekta ya umeme nchini Kongo, na wakuu wake huteuliwa na rais, Kinshasa. Mama anayewasha makaa Likasi kwa kukosa umeme hana kura hapo. Huko Marekani, majimbo kama Georgia na Arizona huwachagua wasimamizi wao kwa kura. Mimi niko upande wa Paa.

Tukirudi bondeni, Simba akakubali kura ipigwe. Sungura akajitokeza kugombea nafasi ya Korongo, akigawa chumvi nyumba kwa nyumba. Chumvi ilitoka ghalani kwa Mhanga. Wengi walijua, wakaipokea, maana njaa haina haya. Bibi Kobe akamwuliza mbele ya wote:

"Mjukuu wangu, mguu wako unafika wapi mtoni?"

Sungura akatazama miguu yake, asijibu.

"Mchagueni mnayemtaka," Kobe akasema, "lakini kwanza tusimike mti majini, wenye alama za goti na kifundo, hata mtoto ausome bila kumwuliza mtu."

Wakausimika siku hiyo hiyo. Alfajiri ya kura wakakuta umeng'olewa, na ukingoni nyayo za kucha ndefu. Waliokuja na vijiwe vyao vya kura wakasimama kimya. Mama Paa akakata mti mwingine, akaingia nao mtoni, maji yakimfika kifuani, akaanza kuugongomea.