Waraka kutoka Uingereza: Juu ya Ngazi za Maduka ya Vyakula

Miongoni mwa mambo ambayo jamaa wa Tanga, Mombasa na Bujumbura hawajaelezwa vya kutosha kuhusu maisha ya Uingereza ni kwamba katika nchi hiyo tabaka la mtu, yaani nafasi aliyonayo katika ngazi ya heshima za jamii, hutambulika upesi zaidi kwa duka analonunulia vitunguu kuliko kwa gari lake au kazi yake. Wanaorudi nyumbani kwa likizo huzungumzia theluji, treni za chini ya ardhi na kodi ya nyumba, lakini juu ya suala hili hunyamaza, pengine kwa sababu kulieleza kungewalazimu kutaja wao wenyewe hununua wapi. Waraka huu unakusudia kuliziba pengo hilo kwa manufaa ya wanaojiandaa kusafiri, na pia kwa faraja ya wale wanaoamini kwamba aliyefika Ulaya ameachana na hesabu za senti.

Kwa mpangilio ambao Waingereza wenyewe wanaukubali, ingawa hakuna sheria iliyouandika, juu kabisa hukaa Waitrose pamoja na sehemu ya vyakula ya Marks & Spencer; chini yao ipo Sainsbury's, iliyoanzia mtaa wa Drury Lane jijini London mwaka 1869 na ambayo hupendwa na watu wanaosoma gazeti hadi ukurasa wa mwisho; kisha Tesco, ambayo kwa kuwa ndiyo kubwa kuliko zote haimpi mtu sifa wala aibu; kisha Morrisons na Asda, zote mbili zenye asili ya Yorkshire upande wa kaskazini; na mwisho Aldi na Lidl, maduka ya Kijerumani yaliyoingia Uingereza, la kwanza mwaka 1990 na la pili mwaka 1994. Iceland, duka lililobobea katika vyakula vilivyogandishwa, mara nyingi huachwa nje ya orodha hii kama shemeji asiyetajwa kwenye kikao cha mirathi, ingawa kila mtu ameshakula kwake.

Ngazi hiyo ina kichekesho ndani yake, kwa kuwa waasisi kadhaa wa maduka hayo, wakipimwa kwa istilahi za Dar es Salaam, walikuwa wamachinga, yaani wachuuzi wadogo ambao leo wangekimbizwa na mgambo. Michael Marks, ambaye jina lake limo katika Marks & Spencer, alikuwa Myahudi mhamiaji kutoka milki ya Urusi, akaanza mwaka 1884 na meza katika soko la Kirkgate mjini Leeds, ambako aliuza vitu kwa peni moja ili mnunuzi asihangaike kuuliza bei; leo katika duka lenye jina lake mnunuzi vilevile haulizi bei, ila kwa sababu nyingine. Jack Cohen naye alirudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia, akaanza mwaka 1919 kuuza mabaki ya vyakula vya jeshi kwenye genge mashariki mwa London, na jina la Tesco likaundwa kwa herufi za mwanzo za mfanyabiashara wa chai aliyeitwa T. E. Stockwell zikifuatwa na mwanzo wa jina la Cohen. Hata Waitrose ilianza mwaka 1904 huko Acton kama duka la watu watatu, Waite, Rose na Taylor, na huyu wa mwisho aliondoka mapema na kwa hiyo akaukosa utukufu wa kuandikwa kwenye mifuko. Mhamiaji anayejiona mdogo mbele ya milango ya kioo ya maduka haya angefaidika kuikumbuka historia hiyo, lakini uzoefu unaonyesha kwamba milango inapofunguka yenyewe, mhamiaji huyo huisahau yote.

Waitrose inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndiyo kipimo ambacho wengine wote hupimwa nacho. Tangu mwaka 1937 ni mali ya John Lewis, kampuni ambayo wafanyakazi wake huitwa wabia kwa kuwa wanaimiliki kwa pamoja, na mteja anayeuliza tangawizi iko wapi hapewi maelekezo ya mkono, bali husindikizwa hadi mbele ya tangawizi yenyewe na mbia asiye na haraka. Madalali wa nyumba hupenda kutaja kwamba duka hilo liko karibu, wakiamini kwamba ujirani wake huipandisha nyumba thamani, ingawa ni vigumu kusema kama duka ndilo linalowaleta matajiri au matajiri ndio wanaolileta duka. Mwaka 2009 lilitoa aina ya bidhaa za bei ya chini zilizoitwa za lazima, yaani zile ambazo kaya haiwezi kuishi bila hizo, na Waingereza hawajaacha kucheka tangu siku walipogundua kwamba miongoni mwa mahitaji hayo ya lazima imo mioyo ya atichoki, mboga yenye magamba ambayo haijawahi kumkosesha mtu yeyote usingizi katika pwani ya Afrika Mashariki. Jamaa walioko Ghuba wanaweza kulithibitisha hili bila kukata tiketi ya London, kwa kuwa Waitrose imekuwapo Dubai tangu mwaka 2008.

Chini kabisa ya ngazi, kwenye Aldi na Lidl, mambo huendeshwa kwa falsafa tofauti, ambayo ni kuondoa kila kitu kisicholiwa. Bidhaa haipangwi kwenye rafu moja moja. Boksi zima huwekwa likiwa limechanwa upande mmoja, jambo linalowapa faraja isiyotarajiwa wale ambao nyumbani huitwa wabeba boksi, yaani wahamiaji wa kazi za mikono, kwa kuwa angalau hapa boksi ni la mwingine. Toroli hufungwa kwa mnyororo hadi iwekewe sarafu ya pauni moja, ambayo hurudishwa toroli inaporejeshwa, na hivyo hakuna haja ya kumwajiri mtu wa kuzikusanya. Mistari ile myeusi inayosomwa na mashine huchapwa mikubwa na kwenye pande kadhaa za pakiti ili keshia asipoteze muda kuigeuza, na keshia huyo, ambaye hukaa kitini, huzipitisha bidhaa kwa kasi inayomfanya mgeni aamini kwamba amemkosea jambo fulani. Kupanga vitu kwenye mfuko hufanyika baadaye, kwenye ubao ulio karibu na dirisha, kwa aibu na utulivu. Kuhusu asili ya kampuni yenyewe, inasimuliwa kwamba ndugu wawili wa Essen, Karl na Theo Albrecht, waligawana biashara waliyoirithi kwa mama yao baada ya kutokubaliana juu ya kuuza sigara, na tawi la Uingereza likaangukia upande wa Karl.

Upungufu wa majina makubwa ya kibiashara katika maduka hayo hufidiwa kwa bidhaa zinazofanana mno na za wengine, na jambo hili liliwahi kufika mahakamani. Marks & Spencer huuza tangu mwaka 1990 keki ya chokoleti yenye umbo la kiwavi, iitwayo Colin, ambayo huonekana katika sherehe za kuzaliwa maofisini; Aldi nao wakawa na kiwavi wao aitwaye Cuthbert, na mwezi Aprili 2021 wenye Colin wakafungua kesi katika Mahakama Kuu wakidai kwamba Cuthbert anajipatia riziki kwa sura ya mwenzake. Wakulima wa Morogoro na Trans Nzoia, ambao viwavijeshi wamekula mahindi yao bila kufikishwa mbele ya hakimu yeyote, watapenda kujua kwamba pande hizo mbili zilipatana mwaka 2022 kwa masharti ambayo hayakutangazwa, na viwavi wote wawili wakaendelea kuliwa.

Swali la msingi ni kama tofauti ya bei inalingana na tofauti ya ubora, na jibu la haki ni kwamba inalingana mara chache. Sukari, chumvi, maziwa, mayai na nyanya za kopo havitofautiani kwa kiwango kinachoweza kutambuliwa na ulimi uliolelewa kwa dagaa na pilipili. Jibini, samaki wabichi na mikate ndivyo vinavyoweza kumpa mwenye Waitrose hoja ya kujitetea. Nyama haimo katika mjadala huu kwa Waislamu wengi wa pwani, kwa kuwa hununuliwa bucha la halali, ambako pia hupatikana kuku mgumu aliyezeeka kwa heshima, kwani kuku wa supamaketi, wa daraja la juu na la chini, huiva kabla kitunguu hakijabadilika rangi. Sheria nayo humsaidia mnunuzi, maana inataka kibandiko cha rafu kionyeshe bei ya kipimo, yaani bei ya kila kilo au kila gramu mia, ili pakiti kubwa na ndogo ziweze kulinganishwa. Ni hesabu ileile ya fungu na kibaba, isipokuwa muuzaji haongezi chochote juu baada ya kuombwa. Kadi za uanachama, ambazo huzaa bei mbili kwa kopo moja, hazina siri kubwa, na mamlaka ya ushindani ilipozichunguza mwaka 2024 iliona kwamba mapunguzo mengi yalikuwa ya kweli.

Ingekuwa suala la bei pekee, waraka ungeishia hapa, lakini lipo pia suala la heshima. Bei za vyakula zilipanda kwa asilimia 19.2 katika mwaka ulioishia Machi 2023, kiwango ambacho Uingereza haikuwa imekiona kwa zaidi ya miaka 45, na hata kabla ya hapo, Septemba 2022, Aldi ilikuwa imeipita Morrisons na kushika nafasi ya nne kwa mauzo. Wenye nazo walihamia maduka ya Kijerumani kwa furaha na wakaanza kujisifu mezani kwamba mvinyo au jibini wanalowakaribishia wageni limetoka Lidl, kwa bei ambayo huitaja bila kuulizwa. Hapo ndipo mhamiaji anapotatizika, kwa sababu kujisifu kwa unyonge wa bei ni anasa ya mtu ambaye hakuna anayemdhania maskini. Nesi kutoka Kisii au mtunza wazee kutoka Moshi, akitamka jina la Lidl katika chumba cha mapumziko, huhurumiwa. Daktari bingwa akilitamka, huombwa aeleze ni rafu ipi.

Suluhisho lililobuniwa na wahamiaji ni la mfuko. Tangu Oktoba 2015 maduka makubwa ya England hulazimika kutoza ada ya mfuko wa plastiki, kwanza peni tano na kuanzia Mei 2021 peni kumi, hatua ambayo watu wa nyumbani wataiona ya woga, wakikumbuka kwamba Kenya iliipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2017 na Tanzania bara ikafuata mwaka 2019. Matokeo yake ni kwamba Mwingereza huenda dukani na mfuko imara alioununua kitambo, na mfuko huo hauulizwi ulitoka wapi wala kilichomo kilitoka wapi. Mtu mmoja mwenye akili anahitaji kununua mfuko wa Waitrose mara moja tu, akaukunja vizuri, akaujaza viazi vya Aldi kwa miaka, na akipanda basi nao akauweka magotini huku maandishi yakitazama abiria.

Jambo linalowachanganya wageni zaidi ni kukutana na vyakula vya kwao katika ngazi wasiyoitarajia. Mishiri, yale maharagwe mabichi membamba ya Kenya, husafirishwa kwa ndege na kulala katika vifurushi vya plastiki katika maduka ya ngazi zote. Sukuma wiki, ambayo jina lake lenyewe limetokana na kazi yake ya kumfikisha mtu mwisho wa wiki akiwa hana pesa, ina binamu yake aliyepandishwa cheo kuwa chakula cha afya na kukatwakatwa ndani ya mfuko. Mwenye busara huiacha hiyo na kuchukua fungu la majani ya kabichi ya kijani yasiyofunga, ambayo yakikaangwa na nyanya humdanganya hata mama mboga. Nyanya zenyewe ziliadimika Februari 2023, maduka kadhaa yakaweka ukomo wa tatu kwa kila mteja, na waziri aliyehusika akawakumbusha wananchi bungeni kwamba nchi yao hustawisha tanipu, mzizi ambao haujawahi kuokoa mchuzi wowote.

Baada ya yote hayo ipo safari ambayo haimo katika ngazi, nayo ni ya kwenda mtaa kama Barabara ya Ealing huko Wembley, Rye Lane huko Peckham au Barabara ya Belgrave mjini Leicester. Mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, baraza la mji wa Leicester lililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus likiwasihi wasije mjini humo. Walikuja, na baadhi yao wakafungua maduka, kwa hiyo haishangazi leo kumkuta mzee nyuma ya kaunta akisema bei kwa Kiswahili cha Kampala au Kisumu, huku friji yake ikiwa imejaa mihogo, bamia na nazi iliyokunwa. Hapo ndipo mnunuzi ambaye asubuhi yote amelinganisha bei za nyanya za kopo hadi tofauti ya peni mbili huchukua pakiti mbili za unga wa Jogoo au Pembe, uliovuka bahari na kutozwa kila kinachotozwa, bila kusoma kibandiko. Unga wa mahindi upo kwenye supamaketi, wa manjano, unaoitwa polenta na Waitaliano, lakini unawakumbusha wazee wa Tanzania unga wa yanga, yaani ule wa msaada ulioletwa katika miaka ya njaa, na mhamiaji huutazama kwa mbali. Jirani Mwingereza akimuuliza kwa nini asinunue huo, ulio karibu na wa bei nafuu, hujibiwa kwa upole na kwa sauti ileile ambayo mteja wa Waitrose huitumia anapoulizwa kama amewahi kufika Lidl.