Namna ya Kusubiri Nyumba Igogo Bila Kuinunua

Kununua nyumba si ufundi. Mwenye pesa asiye na maswali anamaliza ndani ya wiki moja, kisha anahamia barazani kwa wakili. Ufundi ni kusubiri. Mwongozo huu ni wako, ndugu mpangaji wa Igogo, Mwanza, unayelipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo na kila mara unaapa kuwa hii ndiyo ya mwisho.

1. Gombana na mlima

Igogo ni rafiki mkubwa wa anayesubiri, kwa sababu ina hoja mbili tayari. Chini kuna Barabara ya Kenyatta, reli, viwanda vya samaki na ziwa. Juu kuna miamba, na juu ya miamba kuna nyumba za watu. Bei inashuka kadiri unavyopanda. Basi ukionyeshwa nyumba ya chini, lalamikia bei. Ukionyeshwa ya juu, lalamikia magoti. Kwa mtindo huo utafika kustaafu ukiwa bado mpangaji.

Ila usije ukafanya hesabu. Anayefanya hesabu huuliza maswali ya hatari: mfuko wa saruji ukishafika juu kwa kichwa cha mtu unakuwa bei gani? Maji ya bomba yanapanda mpaka hapa, au yanapandishwa kwa ndoo? Shimo la choo limechimbwa wapi penye mwamba mtupu, na bomba la majitaka lililo karibu liko umbali gani? Akishajibiwa hayo, anajua nyumba ya bei nafuu inamgharimu kiasi gani hasa. Mtu wa namna hiyo hasubiri muda mrefu.

2. Dai ziwa, tena lote

Sema hutaki nyumba isiyo na upepo wa Ziwa Victoria. Dalali akikupeleka ufukweni, mkumbushe Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mkumbushe pia mwaka 2020, maji yalipopanda na kuingia kwenye majumba ya watu bila kubisha hodi. Akikurudisha mlimani, ambako ziwa linaonekana lote mpaka visiwani, muulize kwa nini liko mbali.

3. Mtunze dalali

Dalali ndiye chakula cha kusubiri kwako. "Kiongozi, hii ni ya kwako kabisa," atakuambia. "Vyumba vitatu, umeme wake, gari inafika, na bei inaongeleka." Nenda naye. Gari kweli inafika: inafika pale ngazi zinapoanzia. Mpe hela yake ya usumbufu, mwambie utampigia Jumatatu. Usiende peke yako siku ya mvua, maana siku hiyo mlima husema ukweli: utaona maji yanakopita, na jiwe gani linalitazama paa la nani.

4. Soma ukuta, kisha usiulize

Ukikuta ukutani pameandikwa kwa rangi NYUMBA HII HAIUZWI, huku muuzaji amesimama mlangoni na ufunguo mkononi, tabasamu tu. Anayenunua kweli angemtafuta aliyeandika. Mara nyingi ni mke, au watoto wa marehemu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, kwa hiyo sahihi ya baba peke yake ni nusu ya biashara. Ukikuta alama ya X nyekundu, hiyo si pambo. Jengo limeingia kwenye hifadhi ya barabara au ya reli, na bei nzuri uliyotajiwa ndiyo maelezo yake.

5. Subiri karatasi ikufuate nyumbani

Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi ya Tanzania ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Unachonunua ni haki ya kuikalia kwa muda: miaka 33, 66 au 99, kama kuna hati. Nyumba nyingi za mlimani zilijengwa kabla mpima hajafika, na zinauzwa kwa hati ya mauziano iliyosainiwa ofisi ya mtaa mbele ya mashahidi. Wewe tangaza kwamba utanunua urasimishaji utakapomaliza mlima mzima. Urasimishaji ukimaliza, lalamika kwamba hati zimepandisha bei.

Benki nayo itakusaidia kuchelewa. Inakopesha kwa hati; nyumba unayoimudu haina hati; yenye hati huimudu bila mkopo. Duara hilo ni zuri, kaa ndani yake.

6. Uwe na sababu ya kitaifa

Sababu ndogo huchosha wasikilizaji. Kwa miaka mingi mpangaji makini alisema, "Ngoja daraja la Kigongo–Busisi liishe, tuone mji utaelekea wapi." Juni 2025 likafunguliwa, kilomita tatu za daraja, akabaki hana la kusema. Asikate tamaa: reli ya kisasa ya Mwanza–Isaka, kilomita 341, ilianza kujengwa mwaka 2021 na inatosha kwa maongezi ya mwaka mwingine. Ikiisha hiyo, patapatikana uchaguzi.

Neno la mwisho

Kusubiri kuna faida moja ya kweli, nayo ni kupata nafasi ya kukagua. Panda mlima mvua ikinyesha. Waulize majirani wa pande zote mpaka uko wapi. Hakikisha mume na mke wa upande wa muuzaji wamekaa meza moja. Nyumba ikiwa na hati, fanya upekuzi ofisi ya ardhi. Ikiwa haina, nenda ofisi ya mtaa na mashahidi wako, si wa dalali. Kazi yote hiyo, ukiifanya kwa bidii, haizidi miezi michache. Miaka yote inayobaki baada ya hapo si subira tena: unamjengea mwenye nyumba wako ghorofa ya pili.