Mwongozo kwa Anayetaka Kulifukuzia Garimoshi la Mwisho

Kwanza kabisa, wahi. Watu wengi hulipenda garimoshi siku wanaposikia linaondolewa. Siku hiyo hujaa kwenye kila daraja na kila tuta, kamera shingoni, na kila mmoja huondoka na picha nzuri ya kisogo cha mwenzake. Angalia picha za Uingereza za tarehe 11 Agosti 1968. Siku hiyo shirika la reli la taifa liliendesha safari yake ya mwisho ya abiria kwa injini za mvuke kwenye njia kuu, kutoka Liverpool kupitia Manchester hadi Carlisle na kurudi, kwa nauli kubwa ya gini 15. Kesho yake mvuke ukapigwa marufuku kwenye njia hizo. Injini zinaonekana, naam, lakini umati umezizidi.

Kwa hiyo usichague siku ya mwisho. Chagua njia moja ya reli, miaka kadhaa kabla, wakati watu bado wanakushangaa unapiga picha ya nini. Mwalimu wa jambo hili ni Ivo Peters, mkazi wa mji wa Bath, ambaye hakuwa mpigafilamu wa kazi. Aliipenda reli ya Somerset and Dorset, kilomita 115 hivi kutoka Bath hadi Bournemouth, na akaanza kuirekodi kwa kamera ya filamu mwaka 1959. Reli hiyo ilifungwa Machi 1966. Ndani ya miaka hiyo alirudi mahali pale pale masika na kipupwe, hata madereva wakamjua kwa sura na kwa gari lake aina ya Bentley, alilolitumia kulitangulia garimoshi na kulisubiri mbele ya kilima.

Huna Bentley? Hata pikipiki inatosha. Garimoshi lenye mzigo mzito likipanda mlima haliwezi kumwacha mtu mwenye nia. Kinachotakiwa zaidi ni ratiba. Waarifu watu wa nyumbani mapema kwamba Jumamosi zako zimeshachumbiwa na reli. Kadi ya mchango wa harusi ikija, toa mchango kwa moyo mmoja, ila tarehe ya sherehe ilinganishe na ratiba ya mizigo kabla hujaahidi kufika.

Sasa kamera, na hapa naomba utulie. Mkanda wa milimita 8 wa zama hizo ulikuwa na urefu wa futi 25. Uliupiga upande mmoja hadi mwisho, ukafungua kamera kivulini, ukaugeuza, ukapiga upande wa pili. Jumla ilikuwa dakika nne hivi. Mwaka 1965 ikaja Super 8 yenye kasha la kupachika tu, lakini nalo lilikupa dakika tatu na sekunde ishirini. Kamera nyingi ziliendeshwa kwa springi ya kukaza kwa mkono, na ukikaza hadi mwisho ulipata kama nusu dakika tu. Ukisikia honi ng'ambo ya bonde huku mkanda wako umebakiza futi mbili, zimalizie hewani bila huruma, ugeuze, ukaze springi, kisha usimame tayari. Futi mbili zinanunulika. Garimoshi la saa nne na robo la Jumamosi hiyo halinunuliki.

Mtego mwingine ni mwanga. Filamu ya rangi ya Kodachrome ilikuwa na wepesi wa ASA 25 tu, yaani ilitaka jua la kutosha. Mvuke nao unataka baridi. Mvuke wenyewe hauonekani kwa macho. Ile pamba nyeupe tunayoipenda ni matone ya maji yanayojiunda mvuke unapokutana na hewa baridi, na siku ya joto hutoweka upesi juu ya bomba. Basi siku yako ni asubuhi ya baridi kali yenye jua, na Uingereza siku kama hizo hazijai kiganja. Ikifika, amka.

Simama penye mwinuko. Kutoka Bath reli ya Somerset and Dorset ilipanda kwa kiwango cha mita moja kwa kila mita 50, na baadaye ikavuka vilima vya Mendip pale Masbury, mita 247 juu ya bahari. Hapo injini hufanya kazi kwa jasho, kila pumzi unaihesabu. Ukisimama upande wa mteremko utampata dereva amefunga mvuke, na garimoshi linapita kama kabati linaloteleza.

Likifika, usilifuate kwa kamera kama mbuzi anayefuata tawi bichi. Shikilia kamera ikae, uache garimoshi liingie ndani ya picha, lipite, litoke. Behewa la mwisho likishapita, endelea kupiga sekunde tano zaidi. Reli tupu, majani yanayorudi kusimama, moshi unaotua shambani. Sekunde hizo tano ndizo zitakazokuliza uzeeni, na nasema hivyo kwa sababu hakuna garimoshi lingine litakalokuja kuyalaza majani yale.

Kisha geuza kamera kwa watu. Hili ndilo kosa kubwa la wapenzi wengi wa mvuke: filamu saa nzima, pua za injini arobaini, binadamu hakuna. Piga mchochea makaa akifuta uso. Mpige mlinzi wa ishara dirishani na birika lake. Kwenye vipande vya njia moja vya Somerset and Dorset, garimoshi lilinyakua kibali cha njia kwa mkono wa chuma bila kusimama. Mtambo huo uliondoka pamoja na wanaume waliojua kuutegea. Injini inaweza kuwekwa kwenye makumbusho. Ujuzi wa mkono wa dereva hauwekeki popote isipokuwa kwenye filamu.

Usisahau sauti, maana kamera hizo nyingi zilikuwa bubu. Beba kinasa sauti, au mwombe rafiki abebe. Peter Handford, Mwingereza aliyetoa santuri nyingi za milio ya magarimoshi, alikuwa fundi wa sauti wa sinema, na alishiriki tuzo ya Oscar ya sauti kwa filamu ya Out of Africa, iliyopigwa Kenya. Sikio lililofunzwa kando ya reli lilifika mbali.

Na kwetu Afrika Mashariki je? Kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester kilitujengea mwaka 1955 na 1956 injini 34 za daraja la 59, kila moja tani 252, boila lenye kipenyo cha zaidi ya mita mbili juu ya reli zilizoachana mita moja tu. Zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Zilivuta mizigo kutoka usawa wa bahari Mombasa hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu. Katika safari hizo ndefu wafanyakazi wa zamu mbili walisafiri pamoja, hawa wakiendesha, wale wakilala kwenye behewa lao. Zilianza kuondolewa mwaka 1973, na kufikia 1980 zilikuwa zimekwisha. Zimebaki mbili, Mount Gelai na Mount Shengena, majina ya milima ya Tanzania, na zote mbili ziko Nairobi. Kazi ile ilifanywa na maelfu ya watu wetu, na majina yao yanastahili kuonekana kwenye picha kama yalivyoonekana majina ya milima ubavuni mwa injini.

Kwa hiyo hatua ya mwisho ya mwongozo huu haihitaji kamera. Andika lebo: mahali, tarehe, namba ya injini, jina la dereva. Kisha nenda kwa mzee wenu aliyefanya kazi reli, Voi, Tabora, Kisumu au Tororo, umuulize kama kuna mkanda kabatini, wake au alioachiwa na bosi aliyehama. Mketishe mbele ya picha ataje majina, nawe uandike. Na ukifungua kopo la filamu ukasikia harufu ya siki, plastiki yake imeshaanza kuoza. Peleka mkanda ukanakiliwe wiki hii.